Gugu vamizi limeingia: ufunge njia, ung'oe, upige dawa, ulete wadudu au ulitumie?

Mtu akiona gugu asilolijua shambani, swali la kwanza karibu kila mara ni "dawa gani inaliua hili?", na ukimuuliza limefikaje pale anakuangalia tu. Mi naona hilo la pili ndo linaloamua hela yako iende wapi, kwa sababu gugu linaloingia kila msimu kwa mlango uleule utalipiga dawa mpaka uzeeke. Kwa hiyo hapa nazilinganisha njia tano ambazo watu huzitumia, na nitasema wazi ipi naipa nafasi ya kwanza na ipi naona inasifiwa kupita kiasi. Sijazipa uzito sawa, zingine hazihitaji maneno mengi.

Kabla ya kuchagua, jua linasafirije

Nchi nyingi zina ukaguzi mpakani, Australia kwa mfano wana maswali 49 wanayotumia tangu 1997 kupima mmea mgeni kabla ya kuuruhusu uingie. Sawa, lakini gugu likishavuka hapo, huko ndani hakuna wa kulisimamisha. Linapanda lori la mchanga, linajificha kwenye kombaini, linaingia tumboni mwa ng'ombe anayeuzwa mbali, linakaa ndani ya robota la nyasi, linashuka na mto. Upepo na ndege wapo pia, ila ukichunguza zile safari za mbali, zile ambazo gugu lilikuwa pembe moja ya nchi afu ghafla limeonekana pembe nyingine na katikati hakuna kitu, mara nyingi unakuta ni sisi tumelibeba.

Mfano ninaoupenda ni Fallopia japonica kule Uingereza. Ule mmea ulipelekwa kama pambo la bustani, na ulioenea kule ni wa kike mtupu, yaani hauna dume wake wa kuupa mbegu. Ungedhani utabaki palepale ulipopandwa. Badala yake umeenea nchi nzima kwa vipande vya shina la chini ya ardhi, kipande chenye uzito chini ya gramu moja kinatosha kuota upya, na vipande hivyo vimesafiri kwenye udongo wa ujenzi na kingo za mito. Ndo maana sheria yao inauhesabu mmea huo na udongo wake kama taka za kudhibitiwa, huruhusiwi kupakia tu na kumwaga unapotaka.

Sasa linganisha na gugu karoti (Parthenium hysterophorus). Hili ni la mbegu mwanzo mwisho, shina moja linaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, na linaanza kuchanua wiki nne mpaka sita tu baada ya kuota. Mbegu zake ni ndogo, zinanasa kwenye tope la matairi na viatu. Mathenge (Prosopis juliflora) nayo ina mtindo wake, mifugo inapenda maganda yake matamu, mbegu zinapita tumboni salama na kutoka na kinyesi, tayari na mbolea yake. Kiduha (Striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, mbegu yake ni kama vumbi, hutaiona kwa macho ikiwa imechanganyika na nafaka ya kupanda. Magugu maji yanasambaa kwa kujikata vipande vinavyoelea, pamoja na watu wanaoyachukua kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau.

Kwa hiyo unapochagua jiulize matatu: limebebwa na nini, limeshachukua eneo kubwa kiasi gani, na mbegu zake zinalala ardhini miaka mingapi. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana.

Kufunga njia au kupiga dawa?

Hizi mbili naziweka pamoja maana ndo zinagombania bajeti ileile. Dawa unaiona ikifanya kazi, wiki mbili gugu limenyauka, roho inatulia. Kufunga njia huoni chochote, matokeo yake ni gugu ambalo halikuota, na hakuna mtu anayekuja kukupongeza kwa gugu ambalo halikuota. Hapo ndo kufunga njia kunaposhindwa kwenye mashindano ya sifa, wakati kwa matokeo mi naipa nafasi ya kwanza bila kusita.

Ubaya mkubwa wa dawa ni kwamba nyingi zinaua mmea uliosimama, mbegu iliyolala chini haina habari. Hata zile za kupiga kabla ya kuota zinasubiri mbegu iamke kwanza. Unapiga, unabaki na ardhi wazi isiyo na ushindani, mvua inanyesha, na anayeota wa kwanza kwenye ardhi wazi ni nani? Ni lilelile gugu. Juu ya hapo kuna usugu: glaifoseti ilionekana kwa miaka mingi kama haiwezi kuzoeleka, ila 1996 iliripotiwa nyasi ya kwanza sugu kwa dawa hiyo, kule Australia, na tangu hapo magugu mengine mengi yamefuata. Anayepiga dawa aina moja mwaka baada ya mwaka anachagua mwenyewe mashina magumu yabaki kuzaa.

Dawa ina mahali pake lakini, sitaki kuonekana naichukia. Kwa mimea yenye mashina ya chini ya ardhi kama ile Fallopia, jembe linazidisha tatizo kwa sababu kila unapokata unazalisha vipande vipya, na hapo dawa inayoshuka mpaka mizizini ndo chaguo la busara, hasa ikipigwa wakati mmea unapeleka chakula chini kujiandaa na baridi. Pia kwa kichaka kikubwa kwenye mteremko ambao ukiutifua udongo wote unaondoka. Karibu na maji uwe mwangalifu, soma lebo, dawa nyingi haziruhusiwi hapo.

Sasa kufunga njia kunafanyikaje. Watu wakisikia "osha mashine" wanachukua ndoo na kumwagia matairi. Tairi ndo sehemu rahisi. Mbegu zinakaa kwenye rejeta, kwenye mikunjo ya mikanda, chini ya kiti cha dereva, juu ya chasisi panapokusanya tope, ndani ya kapeti, na kwenye kombaini ndo balaa, kuna tangi la nafaka, chekecheo, kisu cha mbele, kila kona ina makapi. Anza na ukavu: fagia na puliza hewa kutoka juu kwenda chini, ndani kabla ya nje, maana ukianza na maji makapi yanagandamana na huyatoi tena. Afu ndo maji ya presha. Na pachagueni sehemu moja ya kuoshea, tambarare, isiyoelekea mtoni, ambayo mtapita kuiangalia kila baada ya mvua, kwa sababu kitakachoota pale kinakwambia mashine ilikuwa imebeba nini. Hiyo sehemu ya kuoshea ni kengele yako ya bure.

Mifugo mipya itengwe kwenye kizizi kidogo wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuachiwa malishoni, ili zile mbegu za tumboni zitoke sehemu moja unayoweza kuilinda. Robota la nyasi lilishwe sehemu moja, sio kutupwa huku na huku. Samadi mbichi ni hatari, iliyoozeshwa vizuri mpaka katikati ikawa ya moto wa nyuzi 55 kwenda juu, na ikageuzwa ili nje nako kuive, inaua mbegu nyingi. Mbegu za kupanda ununue zilizokaguliwa, na mchanga au kifusi uulize kimetoka wapi kabla lori halijamwaga, sio baada.

Udhaifu wake? Jirani. Wewe unaosha, yeye hapana, na mashine ya kukodi inatoka kwake inakuja kwako. Kwa hiyo kwa mashine za kukodi sharti liwe kwenye makubaliano: haishuki shambani kabla haijaoshwa. Pia njia hii haisaidii kitu kwa gugu linalobebwa na ndege kama lantana, huwezi kumuosha ndege.

Kung'oa mapema au kusubiri lithibitike?

Hapa sina mjadala mrefu kwa sababu namba zimeshasema. Huko California walipoangalia kampeni za kumaliza kabisa magugu mageni, matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha hivi: maeneo yaliyokuwa chini ya hekta 1 kwa kawaida yalimalizwa, kati ya hekta 1 na 100 ni kama theluthi tu, hekta 101 hadi 1,000 robo, na zaidi ya hapo matumaini yanakuwa madogo mno. Na hao ni watu wa kazi hiyo, wenye bajeti na magari. Kwa hiyo ukiwa na mashina ishirini kwenye kona moja, huo ndo utajiri wako, usisubiri mwaka mwingine uone "kama litasumbua".

Mimosa pigra kaskazini mwa Australia inaonyesha tofauti vizuri kuliko hotuba yoyote. Ni kichaka cha miiba kinachopenda mabonde ya mafuriko, na nje ya hifadhi ya Kakadu kimefunika kama hekta 80,000. Ndani ya Kakadu, hali ya hewa ileile, mabonde yaleyale, tangu miaka ya 1980 wameweka kikosi kidogo ambacho kazi yake ni kutafuta kila shina, kulitoa, kuweka alama pale lilipokuwa na kurudi palepale tena na tena kwa miaka, kwa sababu mbegu zinaendelea kuota. Hawajashinda wakaenda nyumbani, ni kazi isiyoisha, ila ukilinganisha gharama ya kikosi kidogo na gharama ya maelfu ya hekta za miiba, hesabu haina haja ya kalamu.

Upande mwingine, usidanganyike kwamba mapema daima inatosha. Gugu jingine, Chromolaena odorata, liligunduliwa Queensland, Australia, 1994, kampeni ya kulimaliza ikaanza haraka, na 2012 wakaiacha, wakahamia kwenye kulidhibiti tu. Mbegu nyepesi za upepo, zinazonasa pia kwenye nguo na magari, ziliwatangulia, kila wakisafisha wanagundua eneo jipya. Yaani "mapema" inahesabiwa tangu gugu lilipofika, na wewe unaanza kuhesabu tangu ulipoliona. Katikati hapo kuna misimu kadhaa ambayo hukuiona.

Namna ya kung'oa: kabla ya kuchanua, udongo ukiwa na unyevu, shika shina chini kabisa ili mzizi utoke mzima. Kwa gugu karoti vaa glavu, mikono mirefu na kitu cha kuziba pua, lile gugu linawapa watu upele mbaya wa ngozi na pumu, na mwili wako ukishaanza kulikataa halikuachi. Likiwa na mbegu tayari usilitikise wala kulikokota, kata vichwa kwanza uviweke kwenye mfuko, afu ndo ung'oe. Na tafadhali, kulirundika kando ya barabara "likauke" ni kulipa nauli, gari la kwanza kupita linabeba.

Kama mbegu za gugu lako zinakaa ardhini miaka mingi, basi kung'oa sio tukio, ni ratiba. Kiduha mbegu zake zinaweza kusubiri zaidi ya miaka kumi. Kule Carolina, Marekani, kilionekana 1956 na kikaenea kwenye karibu hekta 175,000, walichofanya ni karantini ya udongo, mazao na mashine, pamoja na dawa, pamoja na kuingiza gesi ya ethilini ardhini ili kuzidanganya mbegu ziote bila mahindi ya kunyonya zife zenyewe. Imechukua miongo kadhaa kubakiza vipande vidogo. Naweka mfano huu hapa kwa makusudi, maana bila ile karantini hiyo gesi yote ingekuwa hela ya bure.

Wadudu: sio chaguo lako, ila unalihitaji

Wadudu wa kula gugu ni kazi ya taasisi na serikali, wewe mkulima huendi kuokota mbawakawa huko ukawaleta kwako, tena ni kosa la kisheria sehemu nyingi na ni sahihi kuwa kosa. Lakini kwa gugu lililokwishatapakaa nchi nzima, hii ndo njia pekee inayofanya kazi usiku na mchana bila kulipwa.

Mfano mkubwa ni dungusi kakati Australia. Yalikuwa yamefunika kama hekta milioni 24, watu wamehama mashamba. Mwaka 1926 wakaachia nondo anaitwa Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake wanatoboa na kula nyama ya mmea kwa ndani, na kufikia 1933 sehemu kubwa ilikuwa imeoza. Ziwa Victoria nako mbawakawa wa Neochetina waliachiwa katikati ya miaka ya 1990 dhidi ya magugu maji, na kufikia kama mwaka 2000 yalikuwa yamepungua sana, ingawa mvua na mawimbi makubwa ya El Niño nayo yalisaidia na hapo wataalamu bado wanavutana nani apewe sifa kiasi gani. Baadaye yamekuwa yakirudi, hasa kwenye ghuba zinazopokea maji yenye mbolea na taka, kwa sababu mmea unaoongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili ukishapewa chakula cha kutosha unamkimbia mdudu.

Kwa hiyo wadudu wanapunguza, hawamalizi. Wanachukua miaka. Na hatari ipo: nondo huyohuyo aliyeiokoa Australia alionekana Florida 1989 na huko anakula dungusi wa asili ya pale, mimea ambayo watu wanataka kuilinda. Siku hizi wadudu wanapimwa kwa miaka mingi kwanza waone kama watagusa mmea mwingine, ndo maana taasisi zinachelewa, wavumilie.

Jambo moja ambalo wewe unaweza kufanya: kama wadudu wameshaachiwa eneo lenu, usipige dawa eneo lote kwa mpigo. Acha sehemu yenye wadudu ili waendelee kuzaana.

Kulitumia: naliweka mwisho

"Tugeuze tatizo kuwa fursa", tengeneza mkaa, chakula cha mifugo, mbolea, vikapu, gesi ya kupikia. Inavutia, miradi inapenda, picha zinatoka vizuri. Tatizo ni hesabu: gugu likiwa na thamani, kuna mtu atataka liwepo. Na malighafi inasafirishwa, yaani unajenga mwenyewe ile njia ambayo hapo juu tumesema ifungwe. Mathenge ilipandwa kwenye nchi kame kwa nia njema kabisa, kuni na kuzuia jangwa, na leo inaziba malisho na njia za maji huku ikikatwa mkaa miaka yote hii. Ukiikata bila kutoa kisiki inachipua mashina mengi zaidi ya mwanzo.

Nalikubali kwa masharti: litumike palepale lilipo, visitoke nje ya eneo vipande vyenye uhai wala mbegu, maganda yasagwe mpaka mbegu zivunjike kabla ya kulisha mifugo, na kisiki kitolewe. Hapo inasaidia kulipia gharama za kusafisha. Zaidi ya hapo ni mradi wa kuuza mkaa, sio wa kudhibiti gugu.

Sa uchague vipi

Kama kwako halijafika ila lipo wilaya ya jirani: weka kila kitu kwenye kufunga njia, na pita kila baada ya mvua kwenye lango, sehemu ya kuoshea, sehemu ya kulishia, kingo za barabara na mifereji. Gugu jipya haliotei katikati ya shamba kwanza, linaotea pale vitu vinaposhushwa. Dawa usinunue hata kidogo kwa sasa.

Kama limefika na bado unaweza kuhesabu mashina: ng'oa leo, weka alama kwa GPS ya simu, piga picha, ripoti kwa ofisi ya kilimo, na rudi palepale kila wiki chache kipindi cha mvua. Wengi wanaogopa kuripoti wakidhani watafungiwa kuuza mazao. Wakati mwingine masharti yanakuja kweli, sikufichi, ila gugu ambalo halijaripotiwa linajulikana baadaye likiwa kwa watu kumi, na hapo masharti yanakuwa makali zaidi.

Kama limekula nusu ya shamba: usianzie katikati penye msitu. Anzia pembeni, kwenye mashina machache yaliyojitenga, afu sukuma kuelekea ndani, maana yale machache ya pembeni ndo yanayopanua eneo. Dawa inaingia hapa, ikibadilishwa badilishwa aina, na kila kipande unachosafisha panda nyasi au zao linaloziba ardhi haraka. Ukishindwa kupanda, bora usafishe kidogo unachoweza kukipanda. Na osha kabla ya kutoka pia, sio kabla ya kuingia tu, maana sasa wewe ndo chanzo.

Kama limejaa eneo zima la nchi: hapo mtu mmoja hawezi, ni wadudu kwa ngazi ya taifa, wewe linda vipande vya thamani tu, chanzo cha maji, malisho bora, njia za kupita.

Na kama linaletwa na mto, usihangaike na ukingo wako peke yake. Pandeni pamoja kwenda juu mpaka mpate shina la mwisho, muanzie pale mkishuka, hata kama pale juu sio kwa mtu yeyote kati yenu.